Zefania Alipokwenda Mpungini na Viatu Mkononi

Pale Same palikuwa na punda aliyekataa kuvuka reli. Namkumbuka kuliko ninavyowakumbuka watu niliosoma nao, ingawa sikusoma na wengi, maana niliishia darasa la nne. Punda yule akifika kwenye mataruma anasimama, anainamisha kichwa, anavitazama vile vyuma kama mtu anayesoma tangazo la mnada, kisha anageuka kurudi alikotoka. Ukimpiga, analala. Ukimvuta, analia mpaka wauza vitunguu wanaacha wateja wao waje kuangalia. Mwenye punda alikuwa mfugaji wa huko tambarare, mrefu, mkimya, na siku nzima alisema maneno mawili tu: "Mwacheni afikiri."

Afikiri! Na sisi tuna saruji mgongoni mwake, na wingu limeshakuwa jeusi juu ya mlima.

Fundi Ndekirwa, aliyenifundisha uashi, alivua koti lake, koti pekee alilokuwa nalo, akalitandaza juu ya chuma. Punda akalinusa, akalikanyaga, akavuka. Koti lile halikufulika tena. Mkewe alipouliza limekuwaje, fundi akasema amemvalisha punda. Walinuniana mpaka mavuno.

Saruji ile ilikuwa ya kanisa. Wakati huo gari halikupanda kwetu juu, kila kitu kilipanda kwa miguu, ya mnyama au ya mtu. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kujenga nyumba za ibada, nikiwa nyuma ya punda, na sikutoka humo mpaka magoti yaliponitoa.

Ninyi vijana mnaojifunza uashi sasa mnapiga simu tu, mchanga unamwagwa mlangoni. Sisi tuliuchota korongoni, tukauosha. Sikilizeni, hili ni la bure: mchanga wenye udongo ni mwizi. Ukuta utasimama vizuri siku ya uzinduzi, watu watapiga picha, kisha wageni wakishaondoka unaanza kumomonyoka. Chukua mchanga kiganjani, ufikiche karibu na sikio. Ukilia, ni mchanga. Ukinyamaza, ni udongo, mrudishie mwenye gari lake hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Nimejengea watu wote. Kanisa, msikiti, kigango cha Wakatoliki, nyumba ya Wasabato. Na fundi anayejengea wote lazima ajue siku zao. Ijumaa mchana kwa Waislamu unaweka mwiko chini. Jumamosi kwa Wasabato hugusi hata ndoo, ukionekana unaosha koleo umeharibu. Jumapili ni yetu sisi. Kuna kipindi nilikuwa na kazi kwao wote kwa pamoja, nikajikuta ninapumzika dini za watu wote, mpaka mke wangu Nakundwa akaniuliza, "Hivi hakuna dini yoyote inayofanya kazi?"

Tuliwahi kupelekwa Bendera, huko chini kwenye joto, kujenga msikiti. Fundi Ndekirwa akaona barabara imenyooka vizuri, akavuta kamba sambamba na barabara, tukachimba msingi, tukapandisha kozi za kwanza za tofali. Akaja shehe, mtu mnene, mpole. Akaingia katikati, akavua kanzu mbavu zipate upepo, akasimama kuelekea kibla. Akajikuta anatazama kona.

"Fundi," akasema, "hapa tutaelekea kona?"

Ndekirwa akajikuna. "Shehe, hata kona ni ya Mungu."

Shehe alicheka mpaka akakaa kwenye lundo la mchanga, akajifuta machozi. Kisha akasema, "Haya. Bomoa."

Tukabomoa. Kwa hiyo msivute kamba kabla hamjasimama na mwenye nyumba uwanjani na kumwuliza, wewe ukiomba unatazama wapi? Asipojua, msianze.

Watu waliniuliza sana, "Wewe fundi, asubuhi msikitini, jioni kanisani, umesimama wapi?" Nikawajibu, "Juu ya mirunda, na nisogezeeni tofali." Walicheka. Kucheka kwao ndiko kulikonidanganya. Nilidhani watu wanaoweza kucheka hivyo hawawezi kumuumiza mtu kwa ajili ya sala.

Nimezunguka. Nilitaka kuwaambia habari za Zefania, na kila nikianza najikuta nimemrudia punda. Basi.

Zefania ni mwanangu wa mwisho. Likizo zake alizimalizia kwangu, kwenye ujenzi. Mkono wa uashi hakuwa nao, ukuta wake ulikuwa na tumbo kama la mbunge. Alichokuwa nacho ni maswali. "Baba, kwa nini Wakatoliki wanataka maji mlangoni na sisi hatutaki? Baba, kwa nini msikitini wanawake wana mlango wao? Baba, Wasabato na sisi tunasoma kitabu kimoja, mbona siku ni mbili?" Nami namjibu, "Kwa sababu ndivyo walivyosema. Lete tofali."

Alipofaulu kwenda chuo kikuu, kijiji kizima kilijua anakwenda kusomea uchungaji. Hakuna aliyemwuliza. Tulijua tu. Akarudi likizo ya kwanza, tumekaa kwenye makande, akasema shahada anayosomea ni ya dini mbalimbali, kuzilinganisha.

Mama yake akaweka kijiko. "Kwa hiyo utakuwa mchungaji."

"Hapana, mama."

"Shehe?"

"Hapana, mama."

"Basi mganga," akasema, akaendelea kula. Alikuwa na mzaha mke wangu, lakini usiku huo hakuimba kama kawaida yake wakati wa kuosha vyombo.

Jirani yetu Eliamani, mzee wa kanisa, mtu tuliyekua naye na kuchunga naye, alilisikia hilo akalibeba mpaka dukani. "Kulinganisha? Kama bei ya vitunguu pale Mwanga? Akikuta ya nafuu ahamie?" Watu wakacheka, hata Zefania mwenyewe akacheka. Tena alijaribu kueleza, maskini. Aliniambia mimi kwanza, tukiwa tunapanga matofali. "Baba, hatuulizi ipi ni ya kweli. Tunauliza watu wanafanya nini, na wenyewe wanasema wanafanya kwa nini. Unakaa nao, unasikiliza, humsahihishi mtu."

"Na wewe mwenyewe unaamini ipi?"

"Mimi bado Mkristo, baba. Ila nimejifunza kunyamaza kwanza."

Nilidhani ni jambo dogo hilo. Kunyamaza kwanza. Siku hizi naona kulijenga ni kugumu kuliko ukuta wowote niliojenga.

Ukafika mwaka wake wa mwisho, wakaambiwa kila mmoja aende kwao, aandike jinsi watu wa huko wanavyoabudu. Akaja na begi na kalamu, na mvua za vuli zilikuwa zimekataa. Mahindi yamefika magotini yakakunja majani kama mwavuli. Zefania akaanza kuzunguka. Ijumaa alikuwa Bendera, kwenye msikiti ule wa kona, wakamlisha pilau. Jumamosi alikaa na Wasabato kutoka asubuhi hadi jua linazama, akarudi amelewa usingizi. Alishuka tambarare akalala kwa wafugaji, akamwona mama wa boma alfajiri akinyunyiza maziwa chini kabla mtu hajanywa. Alipanda mpaka Shighatini kwa mama yake mdogo, akasali rozari na majirani. Kila alikokwenda walimpokea, na kanisani kwetu hakuna aliyekasirika. Walisema tu, "Zefa anazurura."

Halafu akaenda mpungini.

Kwa wale mliozaliwa mjini: mpungi ni kipande cha msitu cha ukoo. Haukatwi, hata kuni kavu haziokotwi. Mvua ikikosa, wazee wa ukoo huingia na kondoo na dengelua, ile pombe ya miwa, wanasema na waliotutangulia. Hakuna viatu ndani. Na nyama haitoki nje, inaliwa humo humo ikaisha. Mpungi wetu alikuwa akiutunza baba mdogo Kajiru, mdogo wa marehemu baba yangu, mzee wa macho mabovu na masikio mazuri. Zefania hakumvamia. Alikwenda kwake mara nyingi, anatoa shikamoo, anapasua kuni, anaondoka bila kuomba kitu. Mwishowe Kajiru mwenyewe akamwuliza, "Sema, mjukuu, unatafuta nini hapa, maana kuni zangu zimekwisha."

Akamkubalia, kwa sharti: asipige picha, na jina la mtu yeyote aliyemkuta mle asiliandike wala asilitaje popote. Zefania akasema hata chuoni ndivyo walivyofundishwa, mtu akikufungulia ibada yake humtaji.

Sasa kosa lake ndilo hili, na ni kosa la msomi. Kwetu watu huenda mpungini. Kila mtu anajua kwamba watu huenda. Ila huenda kwa njia ya nyuma, ya kwenye migomba, na ukikutana na mtu unasema unatafuta mbuzi. Wako watu wamekuwa wakitafuta mbuzi mmoja tangu nikiwa mtoto. Zefania hakuna aliyemwambia, kwa sababu ni jambo ambalo haliambiwi. Akapita njia kuu, mbele ya kanisa, mchana, viatu mkononi. Akina mama walikuwa wanafagia. Wakamwuliza, "Zefa, unaenda wapi mwanangu?"

"Mpungini, mama. Shikamooni."

Habari ilifika kwangu kabla yeye hajafika msituni.

Hapa lazima nieleze namna ya kanisa letu. Mtu akionekana amekosa, anatengwa. Anaruhusiwa kukaa ibadani, lakini hashiriki meza ya Bwana, hasimamii ubatizo, hafungishwi ndoa, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote, aulizwe, aseme nimekosa, apokelewe. Tunaita kurudi kundini. Mmewaona: binti aliyepata mimba kwao, mwanamume aliyeongeza mke. Wanasimama pale mbele wanatazama sakafu, na sakafu ile niliisakafia mimi, kwa hiyo najua hakuna cha kutazama.

Wazee wa kanisa walikaa wakamtenga Zefania kwa kula nyama ya mizimu. Aliyesimamia shauri ni Eliamani.

Na nisiwafiche kitu, maana sitaki msikilize mkiwa mnabahatisha. Eliamani alikuwamo mpungini siku ile. Mimi nilikuja kulijua baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, baba mdogo Kajiru aliponiita kwake akanieleza kwa hasira akigonga fimbo chini. "Aliyekuwa anageuza nyama ni Eliamani," akasema. "Alipita migombani. Alikuja na dengelua yake mwenyewe, akalalamika chumvi ni ndogo." Zefania alikaa ng'ambo ya moto, akamwona, wakala pamoja. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza ya shauri, na hakumwambia mtu, hata mimi niliyemzaa.

Mvua, kama mnataka kujua, ilinyesha. Tukapanda upya sote, waliokwenda na waliotenga.

Mke wangu wakati huo alikuwa mgonjwa. Moyo. Miguu inavimba, akipanda kamlima kadogo anakaa. Alikuwa na ombi moja, na alilisema wazi: Krismasi ile, watoto wote wakiwa wamerudi, apige magoti mezani pa Bwana na Zefa wake ubavuni. "Sijui kama kuna Krismasi nyingine yangu," alisema, bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi. Kwa hiyo Zefania alitakiwa arudi kundini kabla ya Komunyo, siku hiyo hiyo ya sikukuu. Wazee walikubali. Walikuwa na haraka hata wao.

Nilimkalisha barazani.

"Neno moja tu, mwanangu. Nimekosa. Limewahi kumuua nani?"

"Baba, nikisema nimekosa, nimesema babu Kajiru ni kosa. Na mama wa boma na maziwa yake. Na shehe wa Bendera. Wote walinifungulia mlango."

"Hao hutawaona kila siku. Mama yako unamwona."

Alikuwa anachuna ngozi ya kidole gumba, tabia yake tangu mtoto. "Nikikataa, mama ataumia?"

"Unauliza?"

"Nitasimama," akasema. "Nitajitahidi, baba. Ila wasiniulize majina."

Nilimwambia nani akuulize majina, hawana shida na majina. Nikaenda mwenyewe kwa Eliamani nikamwambia kijana atasimama. Eliamani akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Bwana asifiwe. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nilidhani ni umande.

Krismasi kwetu mnaijua. Walioko Dar, walioko Arusha, wote wanapanda, magari yanaegeshwa mpaka kwenye mahindi, kanisa linajaa watu wanakaa madirishani. Nakundwa alivaa kitenge kipya, akakaa benchi la mbele ili asitembee sana. Zefania akaitwa. Akasimama mbele, mikono nyuma. Mchungaji alikuwa mgeni kwetu, kijana, akamwachia mzee wa kanisa aulize kama ilivyo desturi.

Eliamani akafungua vizuri. Akauliza jina, ubatizo, kipaimara. Zefania akajibu. Ingeishia hapo, vijana. Lilikuwa limebaki swali moja na jibu moja. Lakini Eliamani alitazama watu, watu wakamtazama, na nadhani mtu mwenye siri akiona kundi kubwa linamwangalia anataka kujiosha zaidi.

"Na mle msituni," akasema, "ulikuwa na nani? Wataje, uwe huru."

Zefania akainua macho. Akamtazama. Nilimwona Eliamani jasho linamtoka kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye kola, nami nikajiambia, tazama jinsi mzee huyu anavyomlilia mtoto wangu.

"Nilikuwa mgeni wao, mzee," Zefania akasema taratibu. "Mgeni hamtaji mwenyeji wake."

"Kwa hiyo unawaficha?"

"Ndiyo, mzee. Wote."

Lile neno wote alilisema kwa upole sana. Eliamani akasema haraka, "Basi, basi, hayo tuyaache. Sema tu kwamba ulikuwa na watu waovu, mahali paovu, na umekosa."

Mimi siku ile niliona ukaidi. Niliuma meno, nikasema moyoni, sema, mtoto, sema, mama yako anangoja. Nilikuwa sijui alichokuwa anaombwa kukitamka, na nani aliyekuwa anamwomba. Leo ninakijua, na Eliamani bado ni mzee wa kanisa, na tukikutana njiani ananiuliza hali ya magoti. Ukuta wa nyumba yake umepasuka. Ameniomba nimwelekeze fundi. Nimemwambia mafundi wote wana kazi.

Na kabla sijamaliza: Nakundwa hakukosea, hakukuwa na Krismasi nyingine. Kaburi lake nimelijenga mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa, kwa sababu kupiga magoti siwezi. Nilichelewesha mazishi kwa ajili ya Zefania mpaka watu wakaanza kutazama saa zao. Simu iliita, haikupokewa. Msije mkaniambia ameshika msimamo. Msimamo ni kitu kizuri kwa ukuta.

Turudi kanisani. Zefania hakumjibu Eliamani. Alimtazama mama yake pale benchi la mbele. Akapiga hatua, akainama, akamshika mabega, akasema kwa sauti ambayo sisi wote tuliisikia, "Nisamehe, mama."

Akina mama wakapasua vigelegele. Walidhani ndiyo toba yenyewe. Kwaya ikadaka wimbo, ngoma ikaingia, Nakundwa akashika kichwa cha mtoto wake analia na kucheka, watu wanapiga makofi mpaka huko madirishani. Eliamani akainua mikono juu. Na katikati ya furaha ile Zefania akajinasua polepole kutoka mikononi mwa mama yake, akapita katikati ya mabenchi. Watu wakampisha wakimpigapiga mgongoni, hongera Zefa, karibu nyumbani Zefa. Akafika mlangoni, akatoka.

Nilidhani anakwenda kufuta machozi. Nilimwona dirishani. Njia ya kwetu inapinda kulia, penye josho. Akashika ya kushoto, iteremkayo Same. Hakukimbia, hakuchukua begi, hakugeuka. Vigelegele vilikuwa bado vinapigwa. Hajarudi mpaka leo.